Majina ya Wanyama Yametoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukifundisha Kiswahili, swali la kwanza la mwanafunzi huwa la sarufi na la pili huwa la mnyama. Kwa nini kibao cha kukunia nazi kiitwe mbuzi? Kwa nini tembo awe mnyama na awe pombe? Nimekusanya hapa yale ninayoulizwa zaidi.

Kabla hatujaanza, nitaje vitu viwili ninavyovitegemea kila ninapojibu. Cha kwanza ni majirani: ukitaka kujua asili ya neno, waulize Wagikuyu, Waganda, Wanyarwanda, Wachewa na Wazulu wanasemaje. Cha pili ni ngeli. Maneno yakifanana kabisa mdomoni, mara nyingi ngeli ndiyo inayoyatenganisha. Mfanano wa sauti peke yake ni shahidi wa uongo, na utamwona akiumbuka mara kadhaa hapa chini.

Ni kweli kwamba "simba" ni neno la Kihindi?

Si kweli, ingawa naelewa kwa nini watu wanaamini. Kisanskriti humwita simba *simha*. Neno hilo ndilo lililozaa jina la Singh, na ndilo lililomo ndani ya jina la Singapuri, "mji wa simba". Tena wafanyabiashara wa Gujarat wamefika pwani yetu kwa karne nyingi, kwa hiyo hadithi inakaa vizuri kabisa.

Inaharibika ukivuka kwenda kusini. Wazulu wana *insimba*, neno la ukoo mmoja na letu, lakini kwao si simba. Ni kanu, yule mnyama mwembamba mwenye madoadoa na mkia wa pete, anayenyemelea mabanda ya kuku usiku. (Wakenya wasichanganye: chama cha KANU alama yake ni jogoo, yaani chakula cha kanu.) Mzizi huu ni wa Wabantu wenyewe. Inaelekea ulikuwa jina la mnyama mdogo jamii ya paka-mwitu, na sisi tukampandisha cheo.

Kinachostahili kushangaza zaidi ni jambo jingine: Wabantu wanakubaliana kuhusu mbuzi, mbwa na nyoka, ila simba kila mtu anamwita lake. Kinyarwanda *intare*, Kiganda *empologoma*, Kichewa *mkango*, Kigikuyu *mũrũũthi*, Kilingala *nkosi*, Kizulu *ibhubesi* au *ingonyama*. Wanaisimu wana maelezo ambayo mtu aliyelelewa kijijini hatahitaji kushawishiwa nayo: mnyama wa hatari hatajwi. Unambandika jina la pembeni ili asisikie akaja, na baada ya vizazi kadhaa jina la pembeni linakuwa ndilo jina. Mpaka leo wapo wazee ambao usiku ukisema "nyoka" watakukemea, sema "kamba".

Tembo na ndovu ni wanyama wawili?

Ni mmoja. Ndovu ndilo jina lenye ukoo mkubwa: Kiganda *enjovu*, Kinyarwanda *inzovu*, Kigikuyu *njogu*, Kishona *nzou*, Kizulu *indlovu*, Kilingala *nzoku*. Ukiyasoma kwa sauti unasikia neno moja likitembea kutoka Kongo hadi Natal, Afrika Kusini. Ndiyo maana misemo ya zamani imeling'ang'ania: meno yake hata leo ni pembe za ndovu, na anayesema "pembe za tembo" husikika kama aliyejifunza juzi.

Tembo limeshinda katika mazungumzo ya kawaida, hasa Tanzania. Kwa Washona, Tembo ni jina la ukoo ambao mnyama wao wa mwiko ni punda milia! Wanyama hubadilishana majina kuliko tunavyodhani.

Na tembo la mnazi je?

Hilo ni neno jingine, na methali inakuonyesha tofauti bila mwalimu: *mgema akisifiwa tembo, hulitia maji.* Hu-li-tia. Pombe ni tembo hili, mnyama ni tembo huyu. Angekuwa mnyama, mgema angekuwa na kazi ngumu sana.

Kiboko kilianza kuwa mnyama au fimbo?

Mnyama, kisha ngozi yake. Ngozi ya kiboko ni nene mno. Ilikatwa vipande virefu, ikakaushwa na kusokotwa, ikawa mjeledi, na mjeledi ukachukua jina la mwenye ngozi. Wazulu walifanya vilevile bila kutuiga: *imvubu* kwao ni mnyama na ni mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi yake.

Nchini Uganda mambo yalikwenda kinyume. Waganda wana jina lao la mnyama, *envubu*, wala hawakuhitaji letu. Walichokipokea kutoka Kiswahili ni adhabu, kwa hiyo mtoto wa Kampala akisikia *kiboko* hafikirii mto, anafikiria makalio yake. Kwa sarufi: kiboko mkubwa anaogelea, kiboko kikubwa kinauma. Ile "kiboko yao" ya mtaani, kwa maana ya asiyeshindika, ngeli yake ni ya mtaani vilevile, na mimi nimeshaacha kuisahihisha.

Kima ni nyani, ni nyama ya kusaga, au ni mshahara?

Nalipenda swali hili kuliko mengine yote, kwa sababu hapa maneno matatu kutoka pande tatu za dunia yamekutana yakavaa kanzu moja.

Kima wa kwanza yuko mtini. Ni Mbantu halisi: Waganda humwita *enkima*, Wanyarwanda *inkima*. Unguja yupo kima punju wa msitu wa Jozani, mwenye mgongo mwekundu. Kima wa pili yumo ndani ya sambusa: ni *qima* ya Kihindi na Kiurdu, nyama iliyokatwakatwa ikawa chembechembe, na iliingia pamoja na mapishi yenyewe. Cha tatu ni *qima* ya Kiarabu, yaani thamani au kiasi, ndicho kilicho katika "kima cha chini cha mshahara".

Sasa tazama kazi ya ngeli. Kima huyu ameiba ndizi. Kima hii ina mafuta mengi. Kima hiki hakitoshi kodi ya nyumba. Mswahili hawezi kuyachanganya hata akiwa usingizini, lakini mgeni anayesoma "sambusa za kima" kwenye kibao cha mgahawa nimewahi kumwona akirudi nyuma hatua mbili.

Kwa nini kibao cha kukunia nazi kinaitwa mbuzi?

Kwa umbo. Kitazame kikiwa kimefunguliwa: kigoda chenye miguu, na mbele shingo ya chuma iliyonyooka yenye meno mwishoni. Mtu anakikalia mgongoni na kazi inafanyika mdomoni. Aliyekipa jina alikuwa na jicho zuri. Mbuzi mnyama ni huyu, mbuzi ya nazi ni hii.

Mnyama mwenyewe ana jina la kale sana: Kigikuyu *mbũri*, Kiganda *embuzi*, Kizulu *imbuzi*, Kishona *mbudzi*. Washona wamelifikisha hata kwenye kalenda, mwezi wa Novemba kwao ni Mbudzi.

Kanga nguo na kanga ndege, nani alitangulia?

Ndege. Wachewa humwita *nkhanga* na Washona *hanga*, watu walio mbali na maduka ya Unguja. Nguo ni ya mwishoni mwa karne ya 19. Wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wakinunua vitambaa vya leso (neno la Kireno, *lenço*) na kuviunga sita pamoja wapate vazi moja. Viwanda vikaona biashara vikaanza kuchapa kipande kizima. Vitambaa vya awali vilikuwa na vidoa vyeupe juu ya rangi iliyokoza, kama manyoya ya kanga, na jina likabaki hata baada ya vidoa kuondoka na maua, korosho na majina kuingia. Mombasa wengi bado wanasema leso.

Ndege alipewa jina na eropleni, au kinyume chake?

Kinyume hakiwezekani, lakini njia iliyopitwa ni ya kuvutia. Jina la ndege lililoenea kwa Wabantu ni lile la *nyoni*: Kigikuyu *nyoni*, Kinyarwanda *inyoni*, Kizulu *inyoni*. Kiswahili nacho kilikuwa nalo, *nyuni*, na utalikuta katika mashairi ya zamani. Ndege lilikuwa pembeni na lilibeba pia maana ya dalili: kukutana na "ndege mbaya" safarini kulitosha kumrudisha mtu nyumbani.

Vyombo vya kuruka vilipofika, Kiswahili kikaviita ndege, na majirani wakalichukua neno hilo kwa chombo peke yake. Ndiyo maana Kinyarwanda leo *inyoni* ni kiumbe na *indege* ni chombo, na Kigikuyu ni *nyoni* na *ndege*. Wametenganisha vizuri kutuzidi sisi, ambao tumebaki na "ndege huyu" na "ndege hii".

Katika kona hiyohiyo kuna degedege. Watu waliamini kwamba mtoto anayetetemeka na kukakamaa amepitiwa na ndege, na hata nyuni lilitumika kwa ugonjwa huo. Jina limebaki, lakini degedege la mtoto mwenye homa, ambalo mara nyingi huja na malaria, ni la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Nyati au mbogo?

Vyote sawa. Kusini husema *inyathi* (Kizulu), *nyati* (Kishona), *njati* (Kichewa). Upande wa maziwa na mlima Kenya ni *embogo* (Kiganda), *imbogo* (Kinyarwanda), *mbogo* (Kigikuyu). Kiswahili kimekaa njia panda kikapokea mikono miwili.

Fisi na *hiti* wa Kigikuyu wana undugu gani?

Ni neno lilelile. Sauti hazibadiliki ovyo, hubadilika kwa utaratibu. Pale Kiswahili kina *f*, mara nyingi Kigikuyu kina *h*: mafiga yetu ya jikoni kwao ni *mahiga*, mawe. Pale tuna *s*, wao mara nyingine wana *t*: usiku ni *ũtukũ*. Sasa geuza fisi kwa kanuni hizo mbili uone unapata nini. Ushahidi wa namna hii nauamini kuliko hadithi yoyote tamu, maana hautegemei mnyama kufanana na kitu.

Kwa nini punda milia hakupewa jina lake mwenyewe?

Kwa sababu aliyempa jina alikuwa tayari anamjua punda. Milia ni wingi wa mlia, yaani mstari, kwa hiyo ni punda wa mistari. Ajabu ni kwamba Wareno walifikiri hivyohivyo. Kwao *zebra* lilikuwa jina la punda-mwitu aliyeishi Ureno na Uhispania. Walipomkuta mnyama wetu upande wa Kongo wakamwekea jina la yule wa kwao. Yule wa kwao akatoweka, jina likabaki Afrika. Na leo tumelirudisha barabarani: dereva wa Dar es Salaam akikwambia "nishushe kwenye zebra?" anazungumzia mistari ya waendao kwa miguu, yaani neno la punda wa Ulaya limezunguka dunia likaja kulala kwenye lami yetu.

Mbona Waingereza wanamwita nyoka "mamba"?

Walilipata kwa Wazulu, ambao *imamba* wao ni nyoka mwenye sumu kali. Kwetu mamba ni yule wa mtoni, na nyoka wa Wazulu tunamwita koboko. Mamba wa mtoni naye alikuwa na jina la ukoo mpana, *ngwena*, ambalo bado limo katika kamusi zetu za zamani. Linganisha Kizulu *ingwenya*, Kishona *ngwena*, Kichewa *ng'ona*, Kinyarwanda *ingona*. Kwa hiyo ukiongoza wageni mbugani ukasema "mamba" halafu ukaona wanatazama matawi badala ya maji, usishangae.

Swala tomi ni nani huyo Tomi?

Ni Joseph Thomson, Mskoti aliyekatiza nchi ya Wamaasai mwaka 1883. Swala huyo alipewa jina lake, Waingereza wakalifupisha kwa mapenzi, na waongozaji wetu wakalipokea lilivyo. Swala granti naye anabeba jina la James Augustus Grant, aliyesafiri na Speke kutafuta chanzo cha Nili. Sijui kama kuna wanyama wengine wanaoitwa kwa jina la ukoo la Mskoti katika lugha ya Kibantu, lakini hawa wawili wanachunga pamoja Serengeti kama majirani wa zamani.

Swala pala alikwenda njia ya kurudi. *Pala* ni mzizi wa Kibantu. Watswana husema *phala* na Wazulu *impala*, na Waingereza wakamchukua kwa Wazulu. Ukisema "impala" unadhani umetaja neno la kigeni, kumbe umetaja pala kwa lafudhi ya Natal. Swala twiga, yule wa shingo ndefu, Kiingereza kilimchukua kwa Wasomali, *garanuug*.

Swala ya msikitini ni *salat* ya Kiarabu na haina uhusiano na mnyama yeyote.

Ni kweli twiga wa Malindi alipelekwa China?

Ni kweli. Mwaka 1415, zama za mfalme Yongle na misafara ya baharini ya jemadari wake Zheng He, twiga kutoka Malindi aliwasili huko. Mwaka mmoja kabla mwingine alikuwa amefika kutoka Bengal. Wachina hawakuwa na jina la kiumbe kama huyo. Walichokuwa nacho ni *qilin*, mnyama wa hadithi anayejitokeza utawala ukiwa wa haki, na unaweza kukisia jinsi watu wa ikulu walivyofurahia kumwambia mfalme kwamba ndiye huyo. Wasomali humwita twiga *geri*, na huenda sauti hiyo midomoni mwa mabaharia ndiyo iliyosaidia. Wajapani hawakuachana na jambo hilo: *kirin* kwao mpaka leo ni mnyama wa hadithi na ni twiga.

Sisi tuliomsafirisha tuna neno letu tulivu tu, ndugu na *ndũiga* la Kigikuyu.

Bata mzinga ametoka wapi?

Mexico, na hakuna anayetaka kumpa heshima hiyo. Waingereza humwita kwa jina la Uturuki. Waturuki humwita *hindi*. Wafaransa nao husema *dinde*, yaani "wa India". Wareno humwita *peru*, nchi nyingine kabisa. Waarabu husema *dik rumi*, jogoo wa Kirumi. Kila mmoja anamsukumia mwenzake. Chanzo kimojawapo cha vurugu ni kanga wetu: Waingereza walimpokea kanga kupitia wafanyabiashara wa milki ya Kituruki wakamwita jogoo wa Uturuki, kisha ndege wa Mexico alipofika wakamchanganya naye. Jina la kisayansi la kanga, *Numida meleagris*, na la bata mzinga, *Meleagris gallopavo*, bado yanagawana neno moja kwa sababu ya vurugu hiyohiyo.

Waswahili angalau hatukusingizia nchi yoyote. Tulimwita bata, ambaye si, tukamwongezea mzinga.

Faru au kifaru?

Kwa mazungumzo, chochote. Wahifadhi wa Tanzania wanapenda faru, kama alivyoitwa Faru Fausta wa Ngorongoro aliyekufa Desemba 2019 akiwa na miaka 57. Naona wana busara, maana kifaru limeshatekwa na jeshi. Hapa pia ngeli inakuokoa: kifaru amelala, kifaru kimelipuka. Wazee wa pwani walikuwa na neno la tatu, *pea*, na pembe yake ikaitwa kipusa.

"Chimpanzee" ni neno la Kiafrika?

Ndiyo, la pwani ya magharibi upande wa Wakongo. Liliingia katika Kiingereza mwaka 1738. Sisi tuna sokwe, na Livingstone alipokuwa Manyema miaka ya 1870 aliandika habari za mnyama aliyemwita *soko*. Sokwe mtu ni jina linalonikumbusha Wamalai, ambao wao walimwita nyani wao mkubwa *orang utan*, mtu wa msitu. Watu wawili wasiofahamiana wamemtazama usoni wakaona jambo moja.

Tai, papa, mbuni, bongo?

Haya ni ya haraka. Tai ya shingoni ni ya Kiingereza, tai wa angani si wake. Papa wa baharini na Papa wa Roma wanatenganishwa na herufi kubwa tu. Mbuni mti wa kahawa unatokana na *bunn* ya Kiarabu, na mbuni ndege hanywi kahawa. Bongo wa msituni ni mnyama mwenye pembe zilizopinda na mistari myeupe. Bongo ya Dar es Salaam ni ubongo, kwa kuwa mjini huwezi kuishi bila kuutumia.

Kakakuona aliona nini?

Hapa watu hupenda kusimulia kwamba mtu alimwona akapiga kelele, "Kaka, kuona!" Jina la mnyama aonekanaye kwa nadra, ambaye akitokea kijijini watu humwekea vitu mbele watabiri mwaka utakuwaje, lazima livutie hadithi za namna hiyo. Mimi macho yangu huenda kwenye *kaka* ya pili, ile ya kaka la yai, yaani ganda tupu, maana mnyama mzima ni maganda. Jina lake la Kiingereza, *pangolin*, linatokana na Kimalai, kwa maana ya anayejiviringisha, na ukimgusa utaelewa kwa nini.

Jina lipi lina asili iliyo wazi kuliko yote?

Kombamwiko. Komba, halafu mwiko. Zima taa jikoni, subiri dakika tano, uwashe.